Okidi chui: maswali ninayoulizwa kila inapochanua

Nina okidi chui tatu nyumbani: mbili zimekaa juu ya mwembe, ya tatu iko kwenye kipande cha gogo la mkoma nilichokining'iniza barazani. Mwembe wenyewe uko karibu na njia, kwa hiyo maua yakitoka watu husimama, hutazama juu, kisha hubisha hodi. Maswali ni yaleyale mwaka hadi mwaka, nami nimechoka kuyajibu nikiwa na sufuria jikoni. Haya hapa majibu. Jina la kitaalamu la mmea huu ni *Ansellia africana*, na ndio ninaouzungumzia, isipokuwa pale nitakapotaja ndugu zake.

Huu mmea si unanyonya mti?

Hapana. Hili ndilo swali la kwanza siku zote, na ndilo lililoua okidi nyingi kuliko ukame. Mwembe usipozaa vizuri, mwenye shamba hutazama juu, huona fungu la mabua ya kijani yasiyo ya mwembe, na panga hupanda.

Okidi chui ni mpangaji. Imechukua nafasi ya kukaa tu, jikoni haiingii. Mizizi yake hulala juu ya gome na kulishika, wala haitoboi kwenda kwenye mishipa ya maji ya mti. Majani yake ni ya kijani na hujitengenezea chakula kwa jua, kama mahindi yanavyofanya shambani. Imepanda juu kwa sababu chini msituni kuna giza, na kurefusha shina mpaka kwenye mwanga ni gharama ambayo mmea mdogo hauiwezi. Ndiyo maana hukaa sawasawa hata kwenye gogo lililokufa, au juu ya mwamba.

Wanyonyaji wa kweli wapo, na huenda mwembe au mkorosho wako unao. Ni vile vichaka vinavyoota juu ya tawi baada ya ndege kula tunda lenye utomvu wa kunata na kuifutia mbegu kwenye gome. Kuvitofautisha ni rahisi. Tazama pale mmea unapokutana na tawi. Kwa mnyonyaji utakuta uvimbe, mbao mbili zimeungana kama kiungo cha mfupa. Kwa okidi utakuta mizizi meupe ambayo unaweza kuinyanyua kwa ukucha, na gome chini yake ni zima.

Nikiri jambo moja. Fungu la okidi chui likishakuwa kubwa huwa zito, hasa baada ya mvua, na tawi bovu linaweza kuvunjika. Lakini hilo ni tatizo la uzito, na hata mzinga wa nyuki ungelivunja.

Basi inakula nini huko juu?

Hapa ndipo mmea huu unaponifurahisha zaidi. Una mizizi ya aina mbili, na kila aina ina kazi yake.

Ya kwanza ni ile minene inayotambaa kwenye gome. Imevikwa tabaka la seli zilizokufa, lililo kama sponji. Mvua ikipiga, sponji hiyo hunywa maji mara moja na kuyashikilia mpaka mzizi wenyewe uyafyonze. Mzizi mkavu ni mweupe. Ukiumwagia maji hugeuka kijani ukiwa unautazama, kwa kuwa tabaka lililolowa huruhusu rangi ya ndani ionekane. Watoto wa jirani zangu huja kufanya mchezo huo kwa kikombe.

Ya pili ni myembamba, migumu, na huelekea juu. Ndiyo, juu. Husimama kuuzunguka mmea kama sindano zilizochomekwa kwenye mto wa fundi cherehani, na ukiishika bila kuangalia itakudunga. Kazi yake ni kunasa. Majani yanayodondoka, vumbi la kaskazi, vinyesi vya ndege, mabawa ya kumbikumbi, vyote huangukia humo na kubaki. Vikioza, okidi inakuwa na shamba lake dogo la mboji hewani. Siafu, vyura na mijusi nao huhamia. Nimewahi kukuta mche wa mpapai ukiota humo ndani, labda kwa hisani ya ndege.

Kiangazi kikikaza, mmea huishi kwa akiba. Mabua yake manene ni matangi ya maji na chakula. Yakianza kukunjamana ujue akiba inatumika, na majani mengine yatapukutika. Watu hudhani umekufa. Subiri mvua.

Nitaitambuaje kama haina maua?

Tafuta mabua yaliyosimama pamoja kama shina la miwa, yenye pingili, ya rangi ya kijani kinachoelekea manjano, marefu kama nusu mita au zaidi. Majani yako upande wa juu wa bua, membamba, yenye mistari ya urefu. Chini pana kile kiota cha mizizi ya sindano. Ukiona hivyo vitatu pamoja, ndiyo.

Maua hutoka kwenye kikonyo kinachogawanyika matawi, kwa kawaida kwenye ncha ya bua, na kikonyo kimoja cha mmea mkubwa kinaweza kubeba maua makumi kadhaa. Kila ua lina upana wa sentimita tano au sita, la manjano, lenye mabaka ya hudhurungi kama ngozi ya chui, na mdomo wa manjano katikati. Yana harufu tamu.

Ya kwangu haina madoa, ni manjano tupu. Ni aina nyingine?

Ni ileile. Kuna zilizojaa mabaka mpaka manjano inakaribia kutoweka, na kuna zisizo na doa hata moja. Wataalamu wa zamani walizigawa katika spishi kadhaa kwa sababu ya tofauti hizo, wakazipa majina kama *gigantea* na *nilotica*. Siku hizi zote huhesabiwa kuwa spishi moja, na jenasi nzima ya *Ansellia* ina hiyo moja tu.

Inapatikana wapi?

Sehemu kubwa ya Afrika ya kitropiki, kutoka magharibi mpaka kwetu mashariki, kisha kusini hadi KwaZulu-Natal ya Afrika Kusini. Kenya ipo, Uganda ipo, Tanzania ipo, Kongo ipo. Hupenda nyanda za chini zenye joto: misitu mikavu, mapori ya miti iliyoachana, kando ya mito. Usiitafute kwenye msitu mzito wenye ukungu daima. Huko kuna okidi nyingine nyingi, ila hii hutaka jua na hewa inayopita.

Miti inayoipenda ni yenye gome la kushikika na kivuli chepesi. Mbuyu, mgunga, na jamii ya mkoma, ambao mabaki ya makuti yake makavu ni ngazi nzuri ya kushikia mizizi. Hukaa zaidi kwenye panda za matawi makubwa, pale uchafu na maji ya mvua hukusanyika. Ukitembea porini na unataka kuiona, acha kutazama vilele, tazama panda.

Kwa nini inaitwa Ansellia?

Kwa heshima ya John Ansell, mtunza bustani Mwingereza aliyekuwa kwenye msafara wa Mto Niger wa mwaka 1841. Msafara ule ulikuwa balaa. Homa iliwaua wengi, akiwemo mtaalamu wa mimea Theodor Vogel ambaye Ansell alikuwa msaidizi wake. Ansell aliikuta okidi hii kwenye kisiwa cha Fernando Po, ambacho leo ni Bioko ya Guinea ya Ikweta, ikiwa imeota kwenye shina la mchikichi. John Lindley, bingwa wa okidi wa London wakati huo, aliipa jina rasmi mwaka 1844.

Wenyeji wa Bioko bila shaka walikuwa wakiiona siku zote. Lakini majina ya Kilatini hufuata aliyeipeleka kwa mchapishaji.

Na jina la Kiswahili ni lipi?

«Okidi chui» tumelipokea kutoka kwa wauza maua, na linaeleweka, kwa hiyo nalitumia. Jina ninalolionea wivu ni la Wazulu: *imfe-yenkawu*. *Imfe* ni bua tamu la mtama, lile ambalo sisi tunaliita kota, na *inkawu* ni tumbili. Kota la tumbili! Aliyelitunga aliyatazama mabua, akawaza nani anaweza kuyafikia kule juu, kazi ikaisha. Sisi tulioanzia kwenye maua tukaishia kwa chui.

Nimechukua mbegu nikapanda kwenye mkebe. Mbona hazioti?

Kwa sababu ulichopanda kinakaribia kuwa vumbi. Tunda la okidi likipasuka hutoa mbegu maelfu kwa maelfu, nyepesi kiasi cha kupeperushwa na upepo kama unga. Wepesi huo una bei yake: mbegu haina akiba ya chakula. Punje ya mahindi huondoka nyumbani na pamba ya njiani. Mbegu ya okidi huondoka mikono mitupu.

Ili iote lazima ikutane na kuvu. Kuvu hiyo huingia ndani ya mbegu, na mbegu nayo huila polepole, ikichukua sukari kutoka kwake mpaka itakapopata majani. Jambo hili liligunduliwa na Mfaransa Noël Bernard mwaka 1899. Mwaka 1922 Lewis Knudson, Mmarekani, akaonyesha kwamba unaweza kuidanganya mbegu: uiweke kwenye chupa safi yenye sukari na madini, ikaota bila kuvu yoyote. Biashara yote ya okidi za vitaluni imesimama juu ya chupa hiyo.

Kwa hiyo kwenye mkebe wako, kama hukuweka kuvu wala sukari isiyo na vijidudu, hukuwa na nafasi. Porini kati ya mbegu zote zile ni chache mno zinazotua kwenye gome sahihi, lenye kuvu sahihi, mwaka wenye mvua ya kutosha. Ukiona fungu kubwa juu ya mbuyu, unatazama mshindi wa bahati nasibu.

Nani huchavusha okidi? Nyuki?

Hutegemea okidi. Karibu zote zina ufundi mmoja: chavua yake haitawanyiki kama vumbi, bali imefungwa katika vifurushi vidogo vyenye gundi. Mdudu akijipenyeza, kifurushi humganda mwilini, akienda ua lingine hukiacha huko. Ni kutuma mzigo wote kwa basi moja. Basi likifika, mbegu ni maelfu. Lisipofika, hakuna kitu. Ndiyo maana maua ni mengi na matunda ni ya kuhesabu.

Kama una subira ya kukaa nje usiku, mfano mzuri zaidi Pwani ni ndugu yake mwenye maua meupe na kijani, *Angraecum eburneum*, na hasa ile nususpishi yetu inayoitwa *giryamae*, jina lililotokana na Wagiriama. Huota kwenye miti na hata juu ya miamba ya matumbawe karibu na bahari. Mchana hainuki. Jua likizama hutoa harufu nzito, na nyuma ya ua pana mrija mrefu wenye nekta chini kabisa. Nyuki hafiki. Kinachofika ni nondo wakubwa wa usiku wenye ulimi uliojikunja kama waya wa saa.

Ndugu yao wa Madagaska, *Angraecum sesquipedale*, ndiye maarufu. Charles Darwin alipelekewa maua yake, akapima mrija wa karibu sentimita 30, akaandika mwaka 1862 kwamba lazima Madagaska kuna nondo mwenye ulimi wa urefu huo. Wapo waliomcheka. Mwaka 1903, zaidi ya miaka 20 baada ya kufa kwake, wataalamu wa wadudu Rothschild na Jordan walimtangaza nondo wa kisiwa hicho, wakamwita *praedicta*, yaani aliyetabiriwa. Ndugu yake wa karibu, *Xanthopan morganii*, yupo bara, hapa Afrika Mashariki. Huenda ameshapita juu ya kichwa chako ukidhani ni popo.

Ni dawa?

Katika nchi za kusini imetumika sana. Wazulu huchoma mizizi yake kuondoa ndoto mbaya, na Wapedi wameitumia kwa kikohozi cha watoto. Mimi siuzi dawa, simpi mtu bua la kwenda kuchemsha, na mtoto mwenye kikohozi apelekwe zahanati. Ninachojua ni kwamba kwenye masoko ya dawa mmea hufika ukiwa mzima mzima, umeng'olewa, na mmea uliochukua miaka mingi kufikia hapo huisha kwa wiki moja.

Je, ndiyo ile chikanda inayoliwa Zambia?

Sivyo. Chikanda hutengenezwa kwa viazi vya okidi za ardhini, jamii za *Disa*, *Satyrium* na *Habenaria*, vikasagwa na kupikwa na karanga mpaka vikashikana kama mkate wa nyama. Okidi chui haina kiazi.

Lakini swali linatugusa. Zambia walipopungukiwa, wanunuzi walivuka mpaka hadi Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, na viazi vilichimbwa kwa magunia. Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, iliyotangazwa mwaka 2005, ndiko ziliko okidi za ardhini zaidi ya spishi 40, na wenyeji huita eneo lile Bustani ya Mungu. Kiazi kikichimbwa mmea umekwisha. Hakuna cha kukata kidogo ukaacha kingine.

Na vanila nayo ni okidi?

Ndiyo. Vanila inayolimwa Uganda na Bukoba asili yake ni Mexico, na ni okidi inayotambaa juu ya miti. Huku kwetu hakuna mdudu wake wa nyumbani, hivyo wakulima huchavusha ua moja moja kwa kijiti, asubuhi, kwa sababu ua hudumu siku hiyo tu. Mbinu hiyo iligunduliwa na Edmond Albius, mtoto mtumwa wa miaka 12 katika kisiwa cha Réunion, mwaka 1841. Mwaka uleule Ansell alipokuwa Fernando Po! Ansell alipata jenasi yenye jina lake. Albius aliitajirisha dunia na akafa maskini.

Pwani yetu ina vanila ya mwituni pia, *Vanilla roscheri*, kamba nene ya kijani isiyo na majani, yenye maua meupe mazuri. Usitegemee kuipikia maandazi.

Zile okidi za madukani Nairobi na Dar ni hizi?

Nyingi ni *Phalaenopsis*, kutoka Asia, zilizozalishwa vitaluni. Nazo porini hukaa juu ya miti. Ndiyo maana ukizijazia udongo wa shambani kwenye chungu zinaoza.

Nimeona wanauza okidi chui kando ya barabara. Ninunue?

Usinunue. Zile zenye kipande cha gome kimeng'ang'ania mizizi zimebanduliwa porini, na nyingi hufa ndani ya mwaka kwa kuwa mizizi ilikatwa. Okidi zote ziko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama wa porini, na hii ipo kwenye Kiambatisho cha Pili: kuivusha mpaka bila kibali ni kosa, hata kama ni zawadi kwenye begi. IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, imeiweka katika ngazi ya chini kabisa kati ya zile tatu za mimea iliyo hatarini.

Ila nisiwasingizie wauzaji peke yao. Adui mkubwa ninayemwona mimi ni tanuri la mkaa. Mgunga wa miaka mingi ukiangushwa, mpangaji huanguka naye, na hakuna anayemhesabu. Ukitaka kununua, tafuta kitalu kinachogawa mafungu yake au kinachootesha kwa chupa, uwaulize mmea ulitoka wapi. Muuzaji mwenye jibu hujibu haraka.

Nyoka hawajifichi humo?

Mara chache, wakifuata mijusi. Gonga kwa fimbo kwanza. Siafu ndio watakaokusumbua.

Mti umekatwa na okidi iko chini. Naweza kuiokoa?

Unaweza, ukipata ruhusa ya mwenye shamba, au ya ofisi ya misitu kama ni hifadhi. Ichukue pamoja na gome lake. Kata gome badala ya kukata mizizi. Mabua yaliyovunjika yaondoe kwa kisu safi, kisha iache kivulini siku mbili tatu vidonda vikauke. Usiitie maji wakati huo, hata ukiionea huruma.

Chagua mti wenye gome la kukwaruza na kivuli cha nusu. Mwembe, mkwaju au mkorosho unafaa. Mpera haufai, kwani hubambuka gome lake na utamwangusha mgeni wako. Iweke kwenye panda, upande usiopigwa na jua la alasiri, mabua yakitazama juu. Chini yake weka makumbi ya nazi yaliyolowekwa, sio udongo. Funga kwa kamba ya katani au vipande vya kanga kuukuu, kwa nguvu ya kutosha ili isitikisike kusi ikivuma, maana mzizi mchanga ukisuguliwa ncha hufa na kazi huanza upya.

Nyunyizia maji asubuhi, kila siku mbili wakati wa jua, na uache kabisa masika yakiingia. Mwaka wa kwanza usitarajie maua. Tazama mizizi: ikianza kutoka mipya, meupe yenye ncha ya kijani, na ncha hizo zikalala kwenye gome na kulishika, isukume kidogo kwa kidole. Isipocheza, kata kamba.